Leza ya Fiba ya Modi Moja na Mstari Mwembamba: Kaviti Fupi au Ndefu?

Katalogi za leza za fiba hutaja sifa mbili ambazo wanunuzi wengi, wakiwamo wahandisi, huzichukulia kuwa kitu kimoja: kwamba leza ni ya modi moja, na kwamba mstari wake ni mwembamba. Karakana ya Nairobi au Dar es Salaam inayonunua mashine ya kukatia bati huweza kuambiwa, tena kwa haki, kwamba leza iliyomo ni ya modi moja. Mwale wake una umbo safi na hukusanyika kwenye nukta ndogo sana. Hata hivyo rangi ya mwale huohuo inaweza kutawanyika kwa nanomita kadhaa, na kwa kukata chuma hilo halina madhara yoyote. Mtafiti anayetaka kupima kasi ya upepo kwa mwanga, au kusikiliza mitetemo ya ardhi kupitia kebo ya mawasiliano, akiinunua leza hiyo kwa kuamini neno la katalogi, atakuwa amelipia kifaa kisichoweza kabisa kufanya kazi yake.

Mkanganyiko wa pili uko ndani ya maabara zenyewe. Wapo wanaosema kaviti ya leza ifupishwe mpaka ibaki modi moja tu ya masafa. Wapo wanaosema irefushwe ili mstari uwe mwembamba zaidi. Kila upande una vipimo vya kuutetea, na anayesoma machapisho ya pande zote mbili hutoka akiwa hajui ashike lipi. Uchambuzi huu unapima hoja hizo moja baada ya nyingine. Msimamo wake ni kwamba swali la uthabiti lijibiwe kabla ya swali la wembamba, kwa sababu leza inayoruka kutoka modi hadi modi haina upana wa mstari unaostahili kutajwa.

Modi za umbo na modi za masafa

Fiba ya kawaida ya mawasiliano ina kiini chenye kipenyo cha mikroni 8 hadi 9. Kwa mwanga wa nanomita 1550, kiini hicho huruhusu umbo moja tu la mwanga kupita. Hiyo ndiyo modi moja ya umbo, na fiba huitoa bila kuombwa.

Modi za masafa zina asili tofauti. Zinatokana na kaviti, yaani njia ambayo mwanga huenda na kurudi kati ya vioo viwili, au huzunguka kwenye pete. Kama waya wa udi uliokazwa ncha zote mbili, kaviti hukubali mitetemo ile tu inayotimia barabara ndani ya urefu wake. Lakini mawimbi ya mwanga ni mafupi mno, kiasi kwamba ndani ya kaviti huenea makumi ya maelfu au hata mamilioni, na masafa yanayokubalika husongamana. Nafasi kati ya modi moja na inayofuata hupatikana kwa kugawa kasi ya mwanga ndani ya kioo kwa urefu wa mzunguko mzima wa safari. Kaviti ya vioo viwili yenye urefu wa sentimita 5 huacha nafasi ya gigahezi 2 hivi. Pete ya mita 10 huacha megahezi 20 tu.

Sasa weka kichujio. Gretingi ya Bragg, yaani mistari iliyoandikwa ndani ya kiini cha fiba inayoakisi rangi moja na kuziachia nyingine, yenye upana wa nanomita 0.1, kwenye eneo la nanomita 1550, huakisi ukanda wa gigahezi 12.5. Kwenye kaviti ya sentimita 5, ukanda huo una modi 6. Kwenye pete ya mita 10, una modi zaidi ya 600. Zote hushindania nishati ileile ya erbiamu, elementi iliyotiwa ndani ya fiba ili ikuze mwanga, na inayoshinda sasa si lazima iwe inayoshinda dakika ijayo. Ugumu wote wa suala hili umo katika hesabu hiyo fupi.

Ujuzi ulivyojengeka

Elias Snitzer wa American Optical, Marekani, alionyesha leza ya kioo chenye neodimiamu mwaka 1961, na mwaka 1964 yeye na Charles Koester wakaonyesha fiba inayokuza mwanga. Wazo hilo lilikaa takriban miaka ishirini bila matumizi mapana, mpaka kundi la David Payne katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, lilipotengeneza fiba zenye erbiamu na kutangaza amplifaya ya nanomita 1550 mwaka 1987. Amplifaya za aina hiyo ndizo zinazokuza mwanga katika kebo za baharini, zikiwamo SEACOM na TEAMS zilizofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009.

Kipande kilichokosekana, yaani kioo cha leza ndani ya fiba, kilitoka Kanada. Mwaka 1978 Ken Hill na wenzake mjini Ottawa waligundua kwamba mwanga mkali ndani ya fiba unaweza kuacha mistari ya kudumu kwenye kiini, na mistari hiyo, ambayo ndiyo gretingi, ikaakisi rangi moja na kuziachia nyingine. Mwaka 1989 Gerald Meltz na wenzake nchini Marekani wakaonyesha kwamba mistari hiyo inaweza kuandikwa kutoka ubavuni kwa mionzi ya urujuanimno. Kuanzia hapo kioo cha leza kiliweza kuandikwa ndani ya fiba yenyewe, kwa rangi iliyokusudiwa. Leza fupi yenye gretingi mbili na modi moja ya masafa ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 Kringlebotn na wenzake wa Southampton wakatangaza leza ya fiba ambamo gretingi moja ndiyo kaviti nzima.

Wanaotetea ufupi

Leza hiyo ya gretingi moja ndiyo hoja yao kuu. Gretingi ya sentimita 5 hivi huandikwa ndani ya fiba yenye erbiamu na iterbiamu, na karibu na katikati mistari yake husogezwa kwa nusu ya hatua. Msogeo huo mdogo hufungua mwanya mwembamba sana katikati ya ukanda unaoakisiwa, na leza huwaka humo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kichujio na kaviti ni kipande kilekile cha kioo. Joto likipanda kwa nyuzijoto moja, rangi ya gretingi huhama kwa pikomita 10 hivi, sawa na gigahezi 1.25. Modi nayo huhama kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa kinachovihamisha ni kimoja: joto hubadilisha tabia ya kioo na urefu wake. Leza itahama rangi, lakini haitaruka modi.

Kwenye pete ya mita 10 mambo hubadilika. Pete imekunjwa ndani ya sanduku na kichujio kimekaa kona nyingine. Tofauti ya joto kati yao ikibadilika kwa sehemu 16 za elfu za nyuzijoto moja, kichujio na modi huwa vimeachana kwa megahezi 20, yaani nafasi nzima ya modi moja. Pumzi ya mtu aliyeinama juu ya meza inatosha. Kwenye kaviti ya sentimita 5 yenye gretingi mbili, kosa kama hilo lingehitaji tofauti ya nyuzijoto 1.6, na kidhibiti joto cha kawaida hulizuia bila taabu.

Ufupi hata hivyo una gharama, na watetezi wake hawaitaji kwa sauti ile wanayotajia faida. Sentimita 5 za silika yenye erbiamu hunyonya sehemu ndogo tu ya mwanga wa pampu, yaani ule unaoipa erbiamu nishati. Ukizidisha erbiamu, atomi zake hukusanyika vishada na kunyang'anyana nishati badala ya kuitoa kama mwanga. Iterbiamu husaidia, kwa kuwa hunyonya pampu ya nanomita 980 kwa wingi na kuikabidhi erbiamu. Kioo cha fosfeti husaidia zaidi, maana hubeba madini hayo mengi kuliko silika, na leza zake za sentimita chache zimevuka miliwati 100. Lakini fosfeti hulainika kwenye joto la chini sana likilinganishwa na la silika, kwa hiyo kuziunga fiba hizo mbili ni kazi ya fundi stadi mwenye mashine nzuri.

Gharama ya pili ni kelele ya joto. Hata kioo kilichotulia kwenye chumba tulivu kina joto, na joto hilo huchezesha urefu wa njia ya mwanga bila kukoma. Fiba ikiwa ndefu, michezo hiyo midogo husawazishana. Ikiwa fupi, huonekana wazi katika masafa. Ndiyo sababu leza nyingi za gretingi moja husimama kwenye upana wa kilohezi chache, hata kama nadharia ya msingi inaahidi pungufu ya hapo.

Ya tatu ni usikivu. Ukiinyoosha fiba hiyo kwa sehemu moja tu ya milioni, masafa huhama kwa megahezi 150 hivi. Wahandisi wa bahari wameigeuza kasoro hiyo kuwa faida: leza za aina hii hutumika kama vipokea sauti chini ya maji. Anayetaka masafa yaliyotulia hana budi kuifungia leza yake mbali na kila sauti na kila mtikisiko.

Wanaotetea urefu

Upande wa pili huanzia kwa Arthur Schawlow na Charles Townes, ambao mwaka 1958 walitoa kanuni ya upana wa mstari unaosababishwa na kelele ya mwanga wenyewe. Kadiri mwanga unavyodumu ndani ya kaviti, mstari hupungua upana kwa mraba wa muda huo. Ukirefusha njia mara mbili bila kuongeza upotevu, upana huo hushuka mpaka robo. Kwa pete ya mita 10, kikomo cha nadharia kiko chini kabisa ya hezi moja.

Faida ya pili ni mwelekeo. Kati ya vioo viwili, mwanga unaokwenda na unaorudi hufanya wimbi lililosimama: mahali pengine ni mkali, mahali pengine haupo. Erbiamu iliyo mahali pasipo na mwanga hubaki na nishati yake, na modi jirani, ambayo mawimbi yake yanasimama tofauti, huja kuichukua. Pete yenye kizuizi cha njia moja huondoa wimbi lililosimama, na pamoja nalo huondoa chakula cha modi hizo za pembeni.

Faida ya tatu inazigusa maabara zenye bajeti ndogo, na ni ya kuthaminiwa sana. Pete hujengwa kwa vifaa vya kawaida vya mawasiliano: diodi ya pampu, fiba ya erbiamu, kigawa mwanga, kizuizi cha njia moja na kichujio. Idara ya fizikia yenye mashine ya kuunga fiba inaweza kuijenga, kuivunja na kuijenga tena. Haihitaji mtambo wa kuandika gretingi wala tanuru la kuvuta fiba.

Zinabaki zile modi 600. Dawa zimependekezwa nyingi. Kuna vichujio vya Fabry-Perot vyenye mwanya mwembamba. Kuna pete ndogo zinazoungwa kwenye pete kubwa, kila moja na urefu wake, ili ipite modi ile tu inayokubaliwa na pete zote. Lakini kila pete inayoongezwa ni kitu kingine kinachohama na joto.

Dawa yenye akili zaidi ni ile inayotumia kipande cha fiba ya erbiamu isiyopewa pampu. Mwanga wa leza hupitishwa humo, ukaakisiwa mwishoni na kurudi. Hapo wimbi lililosimama, ambalo kwingineko ni adui, huwa rafiki. Mahali penye mwanga mkali erbiamu hushiba na kuacha kunyonya. Mahali pasipo na mwanga huendelea kunyonya. Kwa hiyo mwanga wenyewe huandika gretingi inayolingana na masafa yake, na modi nyingine zikijaribu kupita hukuta upotevu mkubwa zaidi. Gretingi hii haina haja ya kulinganishwa kwa mkono. Modi ikihama taratibu, nayo huifuata.

Udhaifu wake unatokana na chanzo hichohicho cha nguvu yake. Erbiamu hukaa na nishati kwa milisekunde 10 hivi kabla ya kuiachia, kwa hiyo gretingi hiyo hujiandika upya kwa mwendo huo. Mhamo wa polepole wa joto huufuata vizuri. Mlango ukibamizwa, au mtu akigonga meza, modi husogea kabla gretingi haijajiandika, na leza huruka. Baada ya hapo hutulia kwenye modi mpya kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo huficha tukio machoni pa mtu asiyerekodi masafa muda wote. Ukirefusha kipande hicho ili kichague vizuri zaidi, upotevu huongezeka na leza inaweza kuanza kutoa mapigo badala ya mwanga wa mfululizo.

Wembamba unaopimwa ni upi?

Sehemu kubwa ya ubishi huu ingeisha kama kila anayetaja upana wa mstari angesema ameupimaje. Kosa la kwanza liko kwenye kifaa. Kichambua spektra cha maabara nyingi hutofautisha vitu vilivyoachana kwa nanomita 0.02, yaani gigahezi 2.5. Modi zilizoachana kwa megahezi 20 huonekana humo kama mstari mmoja safi. Picha hiyo imewapa watu wengi uhakika wa uongo. Kuthibitisha modi moja kunahitaji kaviti ya Fabry-Perot inayopitiwa hatua kwa hatua, au kichunguza mwanga cha kasi kilichounganishwa na kichambua masafa ya redio: modi zikiwa mbili, tofauti yao itatokea kama mlio wa megahezi 20. Hata polaraizesheni mbili za modi moja hujifichua hapo.

Kosa la pili ni la muda. Njia inayotumika zaidi, iliyoanzishwa na Takanori Okoshi na wenzake nchini Japani mwaka 1980, huugawa mwanga, huchelewesha sehemu moja kwenye fiba ndefu, kisha huzikutanisha. Fiba ya kilomita 5 huchelewesha kwa mikrosekunde 25 hivi. Mhamo wowote wa polepole kuliko hapo haujionyeshi wote. Kwa leza ya kilohezi moja, mwanga hubaki na kumbukumbu ya hatua yake kwa kilomita 66 hivi ndani ya fiba, kwa hiyo fiba ya kilomita 5 peke yake haitoshi kuupima mstari huo moja kwa moja. Leza ileile inaweza kuwa na hezi 100 ikitazamwa kwa mikrosekunde chache, na kilohezi makumi kadhaa ikitazamwa kwa sekunde nzima. Nambari zote mbili ni sahihi. Asiyetaja muda ndiye anayepotosha.

Ukiisoma mivutano ya pande mbili kwa jicho hilo, mengi hueleweka. Wanaotetea pete hutaja upana wa muda mfupi, ambako pete ni bora. Wanaotetea ufupi hutaja saa za kukaa bila kuruka, ambako gretingi moja ni bora.

Nguvu na njia za pembeni

Kuna wanaodai kwamba leza fupi haifai kwa kuwa ni dhaifu. Hoja hii ina jibu. Leza mbegu ya miliwati chache hufuatishwa na amplifaya, na amplifaya nzuri hubakiza karibu wembamba wote wa mbegu. Kikwazo cha kweli hapo ni msambao wa Brillouin, ambapo mwanga wenye mstari mwembamba hutikisa kioo na kuakisiwa nyuma na mtikisiko huohuo. Kwenye kilomita 20 za fiba ya kawaida, miliwati chache zinatosha kuuanzisha. Kwenye mita 10, kiwango hupanda mpaka wati 3 hivi, na eneo la kiini likiwa kubwa mara tano hupanda mara tano. Wanaotafuta kilowati hulazimika kuupanua mstari kwa makusudi. Kwa hiyo nguvu na wembamba huvutana kwenye kila leza ya fiba, na kuirefusha kaviti hakuuondoi mvutano huo.

Msambao huohuo wa Brillouin unaweza kutumika kujenga leza. Ukanda wake wa kukuza kwenye silika ni megahezi makumi machache tu, kwa hiyo kaviti ya mita chache hubaki na modi chache sana, na kelele ya pampu hupunguzwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1991 Smith, Zarinetchi na Ezekiel walitangaza leza ya aina hiyo yenye upana wa asili ulio chini ya hezi 30. Lakini inahitaji pampu ambayo tayari ina mstari mwembamba, pamoja na mfumo wa kuifunga pampu hiyo kwenye kaviti. Ni ngazi ya juu inayopandwa na aliyekwisha kuwa na ya chini.

Njia nyingine ni kuifunga leza kwenye kaviti ya nje iliyotulia, kwa mbinu iliyochapishwa na Ronald Drever, John Hall na wenzao mwaka 1983 juu ya wazo la Robert Pound. Saa za atomi zinazohitaji pungufu ya hezi moja hutumia njia hiyo. Pia lazima isemwe wazi kwamba fiba si jibu pekee: vigunduzi vya LIGO vilivyonasa mawimbi ya uvutano Septemba 2015 vilianzia kwenye leza ya fuwele, ya aina iliyovumbuliwa na Thomas Kane na Robert Byer huko Stanford mwaka 1985.

Uzani

Kipimo cha upepo kwa mwanga wa nanomita 1550 husoma mhamo wa megahezi 1.3 kwa kila mita moja kwa sekunde, na mwanga hurudi baada ya mikrosekunde chache. Kilohezi makumi kadhaa zinamtosha anayepima upepo. Anayesikiliza fiba ya kilomita 40 kwa kulinganisha mwangwi na mwanga mpya wa leza ileile anasubiri takriban milisekunde 0.4, na anahitaji pungufu ya kilohezi moja, tena bila mruko hata mmoja katika siku nzima ya kurekodi. Kwa wote wawili, mruko wa modi huharibu data kuliko upana uliozidi kidogo, kwa sababu upana unajulikana na unaweza kuhesabiwa, ilhali mruko hufanana na tukio la kweli.

Ndiyo maana uzani unaelemea kaviti fupi, ya gretingi moja, iliyofungwa vizuri dhidi ya joto na sauti, na amplifaya ikawekwa baada yake. Wembamba wake usipotosha, leza hiyo ndiyo ya kufungwa kwenye kaviti ya nje. Pete ndefu ina nafasi yake halali mahali pawili: kwenye kazi inayohitaji kubadilisha rangi kwa upana, na kwenye maabara ya chuo inayofundisha, ambako mwanafunzi anayeijenga na kuiona ikiruka atakuwa ameielewa leza kuliko aliyeisoma tu. Isipelekwe porini wala baharini.

Anayenunua leza ya kupimia aulize mambo mawili kabla ya bei: upana uliotajwa ulipimwa kwa muda gani, na leza ilikaa saa ngapi bila kuruka modi huku joto la chumba likibadilika. Muuzaji asiye na rekodi ya hayo mawili hajaipima leza yake kwa kazi hiyo.